Makosa Nane ya Nusu Peni

Barua ya shule ilisema mjukuu wangu hana msingi wa namba, na kwamba huenda mkanganyiko wake unatoka nyumbani. Nyumbani ni mimi. Mama yake, yaani binti yangu, ni muuguzi msaidizi, anatoka alfajiri kwenda hospitali na kurudi miguu imemvimba. Anayempokea mtoto akishuka basi la shule ni mimi, anayempikia ni mimi, na anayemfundisha hesabu kwenye meza ya jikoni, katika nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Landover, Marekani, ni mimi. Kwa hiyo barua ile, hata kama jina langu halikuandikwa popote, niliipokea kama imetumwa kwangu.

Binti yangu alinisomea kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka. Shule ilitaka kumtoa mtoto katika darasa lake la hesabu kuanzia wiki inayofuata, na kumpeleka kwenye kikundi cha watoto waliobaki nyuma, wanaokaa chumba cha mwisho wa korido. Mlezi aende kutia sahihi fomu mbili. Ya kwanza ni ya kukubali uhamisho. Ya pili ni ya kuahidi kwamba nyumbani mtoto hatafundishwa hesabu kwa njia yoyote isipokuwa ya shule.

"Mama, please," alisema. "Wewe nenda u-sign tu, useme thank you, urudi. Mimi siwezi ku-miss shift nyingine."

"Sitii sahihi jambo nisilolikubali."

"Mama, hapa si Tanga."

"Hata Tanga sikuwa natia."

Aliikunja barua akaenda kuoga. Binti yangu si mbaya. Amechoka, na mtu aliyechoka anataka mambo yaishe. Mimi sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na sababu: mtoto yule namjua. Ana miaka minane. Anahesabu ngazi, anahesabu punje za choroko kwenye sahani, anahesabu watu wanaotangulia mbele yetu dukani na kukadiria ni dakika ngapi zimebaki. Leo aje mtu aniambie hana msingi wa namba.

Hesabu ninazozijua nilizipata kwa mama yangu, naye mama alizipata kwenye kopo la sarafu zilizokufa. Baba yangu alikuwa mpishi melini. Miaka aliyokuwa akienda na kurudi bandari za Uingereza, alikuwa na tabia ya kutupia chenji yake ndani ya kopo la maziwa ya unga, na chenji ndogo kuliko zote katika siku zile ilikuwa nusu peni. Alipoacha kusafiri na kurudi nyumbani moja kwa moja, kopo lilikuwa limejaa. Akalipeleka benki. Karani akamwambia kwamba Waingereza wenyewe wameifuta nusu peni tangu mwaka 1969, hainunui kitu hata kwao. Baba akarudi na kopo kwapani, akaliingiza mvunguni, na kama si mama lingeishia jalalani.

Mama alikuwa akiuza viungo barazani: hiliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Alikuwa na mizani ya vitanga viwili, ila jiwe lake la wakia moja lilikuwa limepotea na fundi alitaka pesa nyingi kumtengenezea jingine. Siku moja akazitoa zile nusu peni mvunguni ili azioshe tu, maana zilinuka kopo, akajaribu kuzipima na jiwe la jirani. Sarafu tano zikalingana na wakia moja. Akajaribu tano nyingine. Wakia moja tena. Tangu siku hiyo mama hakuhitaji jiwe.

Waliotengeneza sarafu ile walikusudia hivyo, nimekuja kujua baadaye. Nusu peni ni ya shaba nyeusi, upande mmoja ina kichwa cha mfalme au malkia, upande wa pili ama mwanamke aliyeketi na mkuki wake ama meli ya matanga, inategemea umri wake. Tano zina uzito wa wakia moja. Ukiilaza, upana wake ni inchi moja, kwa hiyo kumi na mbili zikipangwa mstari zinafika futi. Mbili ni peni moja, peni kumi na mbili zilikuwa shilingi, na shilingi ishirini zilikuwa pauni. Basi mtu akitaka pauni moja kwa nusu peni tupu, atahitaji mia nne na themanini. Mama alizijua namba hizi zote, na shule aliiona kwa nje tu.

Ikatokea siku akaja mkaguzi wa vipimo, bwana mmoja wa suruali iliyopigwa pasi na mkoba wa mawe rasmi. Akamwambia mama kwamba yale aliyoweka mizanini si mawe, ni pesa, tena pesa ya watu wengine, tena iliyofutwa. Mama akamwambia, "Weka lako." Mkaguzi akaweka jiwe lake la wakia kitanga cha kulia, mama akaweka nusu peni tano kushoto. Mizani ikasimama sawasawa. Yule bwana akasema shida si uzito, shida ni mhuri wa serikali. Mama akamuuliza ni nani anayetia mhuri kwenye pilau. Alipigwa faini. Akailipa, na kesho yake asubuhi sarafu zilikuwa barazani mahali pake.

Mama alipofariki tuligawana zile sarafu, ndugu sita. Mimi nilipata ishirini. Nilizisafirisha katika soksi hadi Marekani, na katika kuhamahama kwangu, Woodbridge kwanza, kisha hapa, zimepotea hadi zimebaki saba. Sikuzitazama kwa miaka mingi. Nilizitoa mtoto huyu alipoanza kuniuliza maswali.

Ni mtani wangu mkubwa. Namwita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, naye ananiita Bibi na kunijibu Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ninachokinong'ona. Alitaka kujua kwa nini futi ni inchi kumi na mbili na si kumi. Nikamwambia sijui, lakini najua sarafu inayokubaliana na futi. Nikamtolea nusu peni, akaiweka juu ya rula yake ya shule, ikakaa inchi kamili. Macho yakamtoka.

Hapo tukaanza. Waingereza siku hizi wamehamia gramu na mita, lakini Wamarekani wameng'ang'ania inchi na wakia, kwa hiyo sarafu ya baba yangu ilipata kazi upya katika nchi ambayo haikuwahi kuitumia. Nilimuuliza: pauni nzima kwa nusu peni, mstari wake utafika wapi? Akagawa mia nne na themanini kwa kumi na mbili, akapata futi arobaini. Hakutosheka. Alichukua utepe wangu wa kupimia nguo, tukatoka kwenye korido ya jengo letu, tukapima futi arobaini kutoka mlango wetu hadi karibu na lifti, jirani mmoja akitutazama kwa tundu la mlango. Kisha nikamuuliza uzito. Akagawa kwa tano, akapata wakia tisini na sita. Akagawa kwa kumi na sita, maana ratili moja ina wakia kumi na sita, akapata ratili sita. Nikampimia ratili sita za mchele katika mfuko, nikampa aubebe. Aliubeba kuanzia jikoni hadi kitandani kwa mama yake, akamwamsha kumwambia kwamba hii ndiyo pauni moja. Huyo ndiye mtoto asiye na msingi wa namba.

Sasa nifike kwenye kosa, na nitalisema lilivyo.

Kufanya futi kunahitaji sarafu kumi na mbili, nami nina saba. Mashine za kufulia nguo katika jengo letu bado zinakula sarafu, kwa hiyo jikoni tuna mtungi wa robo dola. Siku moja niliweka robo dola tano juu ya mizani ya jikoni, ile ya betri, kujaribu tu. Ikaandika wakia moja. Nikaziondoa, nikaweka nusu peni tano. Wakia moja. Uzito ule ule hasa. Nilifurahi peke yangu jikoni, nikaona kama marehemu mama angekuwepo angecheka. Tangu hapo kila tulipopungukiwa na nusu peni nilijazia robo dola. Mstari wa sarafu kumi na mbili ukawa saba nyeusi na tano nyeupe, na mimi na mke mwenzangu tukizigusa kwa kidole moja moja: hii ni nusu, na hii ni nusu, mbili zinafanya moja. Mstari mzima unakuwa sita. Peni sita.

Barua ilikuwa imeambatanishwa na karatasi ya mtihani. Jumapili baada ya chakula cha mchana, binti yangu amelala, nilivaa miwani nikaikagua. Juu kulikuwa na picha ya robo dola na sentensi moja: kila robo dola ina upana wa inchi moja. Chini yake maswali manane ya namna moja. Mstari wa robo dola una urefu fulani. Una sarafu ngapi, na thamani yake ni dola ngapi?

Swali la kwanza lilikuwa la mstari wa futi moja. Mtoto ameandika sarafu kumi na mbili, sawa, na dola sita. Ilipaswa kuwa tatu. Mstari wa futi mbili: sarafu ishirini na nne, sawa, dola kumi na mbili. Ilipaswa kuwa sita. Mstari wa inchi nane: dola nne badala ya mbili. Inchi ishirini: kumi badala ya tano. Futi tatu: kumi na nane badala ya tisa. Mwalimu alikuwa ameyakata yote kwa kalamu ya zambarau, nane kati ya nane, akaandika sifuri.

Nikayasoma mara ya pili, damu ikanipanda kichwani. Mtu asiyejua namba hukosea ovyo. Hapa anaongeza, pale anapunguza, mahali pengine anabahatisha na kupata. Huyu alikosea mara nane kwa hatua ile ile, kila jibu likiwa mara mbili ya lililotakiwa, halikuzidi senti wala kupungua senti. Hayo hayakuwa makosa nane. Lilikuwa kosa moja, lililofanyiwa kazi kwa uaminifu mara nane.

Nikamwita. Alikuwa sebuleni akichora.

"Mke mwenzangu, hii ni nini?" Nikainua robo dola.

"A quarter."

"Ina thamani gani?"

"Half," akasema. "Two make one."

"Nani kakwambia?"

"You did, Bibi."

Alinijibu bila lawama yoyote, kama mtu anayeulizwa jana tulikula nini. Nikakaa. Kweli nilimwambia, tena kwa kidole juu ya kila sarafu. Mtu wa nje atashangaa mtoto aliyezaliwa Maryland asijue robo dola ni senti ishirini na tano. Lakini mama yake analipa kila kitu kwa kadi au kwa simu. Mtoto hajawahi kununua hata peremende kwa sarafu. Robo dola anayoijua yeye ni kitu ambacho mashine ya kufulia inakula, sarafu nane kwa nguo za mara moja, na hakuna aliyewahi kumwambia nane ni dola ngapi. Mtu pekee aliyempa thamani ya kile kidude cheupe ni mimi, na nilimpa thamani ya sarafu nyingine.

Niliona haya, sifichi. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Lakini sikuona kwa nini haya yangu yamfanye mtoto ahame chumba.

Nilimwambia pale pale kwamba nilikosea, kwamba robo dola nne ndizo zinazofanya dola moja, na kwamba nusu peni mbili zinafanya peni moja, na hizi ni pesa za nchi mbili zilizokutana mezani kwangu kwa sababu ya uzito tu. Alinitazama, akaitazama karatasi, akasema, "That's it?" Kisha akarudi kuchora. Kosa lililoandikiwa barua na fomu mbili lilikuwa limesahihishwa kabla chai haijachemka.

Binti yangu alipoamka nikamweleza yote. Alikuna kichwa.

"So ni wewe ndio ulikosea."

"Ni mimi."

"Basi si u-sign tu, yaishe? Watam-test tena mwakani."

"Nikosee mimi, ahame yeye? Mwaka mzima?"

"Mama, unajua ukienda pale na maneno yako wataniona mimi ndio sijalelewa."

"Umelelewa," nikamwambia. "Ndiyo maana unaenda kazini na mimi naenda shule."

Jumanne saa za kutoka shule nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakinifika kifuani, fomu mbili mezani mbele yangu. Kwenye pochi nilikuwa nimefunga leso yenye robo dola kumi na mbili na nusu peni zangu saba, nikidhani nitahitaji kuonyesha. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na macho ya mtu aliyesahihisha karatasi nyingi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na hilo halikuwezekana. Pembeni yake aliketi mkalimani wa shule, Mmarekani mweusi wa rika la binti yangu, aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu kwa mapenzi yake mwenyewe. Alisimama akaniambia, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha nyumbani kwangu.

Nikaanza. "Mwambie nimekuja kukiri kosa langu, na sitatia sahihi fomu yoyote."

Akamgeukia mwalimu, akasema kwa Kiingereza kwamba bibi anashukuru sana kwa kukaribishwa na ana mambo machache yanayomtia wasiwasi.

Kiingereza changu ni cha basi na cha duka la mboga, lakini hicho kinatosha. "Mwanangu," nikamwambia, "mimi sikusema nashukuru. Usinitie sukari. Sema nilivyosema."

Akainamisha kichwa kidogo. "Samahani, mama. Tulifundishwa tulainishe."

"Mimi nimekuja mgumu. Nipeleke hivyo hivyo."

Akasema upya, neno kwa neno, na mwalimu akakaa wima. Nikamfungulia karatasi. Nikamwonyesha: sita badala ya tatu, kumi na mbili badala ya sita, nne badala ya mbili. Nikamwomba ayagawe yote kwa mbili. Alichukua kalamu yake ya zambarau akaanza kuandika pembeni, jibu moja baada ya jingine, na kufikia la tano mkono wake ulikuwa umepunguza mwendo. Nikamweleza kuhusu nusu peni, wakia, na robo dola nilizojazia. Mkalimani aliposikia nusu peni tano ni wakia moja aliacha kutafsiri, akaniuliza yeye mwenyewe kama ni kweli. Nikamwambia akanunue mizani.

Mwalimu alisema anaelewa. Alisema anasikitika hakuliona. Kisha akasema orodha ya kuhama inatengenezwa kwa alama, na alama ya mtoto ni sifuri kwa nane. Akaongeza, kwa upole ule ule, kwamba ndiyo sababu ya fomu ya pili: mtoto akifundishwa pesa ambazo hazipo tena, anachanganyikiwa.

"Mwambie sarafu haikumchanganya mtoto. Aliyemchanganya ni mimi. Sarafu ile imepima wakia sahihi tangu kabla huyu mwalimu hajazaliwa, na itaendelea. Na mwambie kama ni lazima mtu apelekwe chumba cha mwisho wa korido kwa kosa hili, nipelekeni mimi. Nitakuja kila siku na penseli yangu. Lakini huyu hatoki."

Mkalimani akasema yote, hata penseli. Mwalimu akacheka kidogo, akafunika mdomo, akatazama ile sifuri yake. Halafu akatoa kwenye kabati nakala tupu ya karatasi ile ile. Akasema anaweza kumruhusu mtoto aifanye upya, sasa hivi, mbele yetu, na alama mpya ndiyo itakayohesabika. Akishindwa, atahama.

Nikasema aitwe.

Alikuwa akisubiri kwenye kona ya vitabu nje ya mlango. Akaingia, akaketi, akapewa penseli na rula. Mwalimu akamwambia asome kwa makini. Mtoto akasoma mstari wa kwanza, akaweka penseli chini.

Hakuandika kitu. Nilitaka kumwambia robo dola nne, mke mwenzangu, nne, nikajizuia kwa sababu nilijua nikisema neno hata moja alama itakuwa yangu. Alitazama sentensi ile ya juu, akatazama dirishani, akarudi kwenye sentensi. Mwalimu akaangalia saa. Niliona chumba cha mwisho wa korido, nikamwona ameketi humo mwaka mzima kwa ajili ya ujanja wangu wa kujazia sarafu.

"Bibi, una quarters?" akaniuliza.

Nikamtazama mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Nikafungua leso. Mtoto akachagua zile nyeupe kumi na mbili, akaziacha nyeusi, akazipanga kwenye ukingo wa rula, zimegusana, ya kwanza kwenye sifuri. Akazikaza kwa viganja viwili kutoka pande zote mbili. Kisha akamwita mwalimu aje aone.

Sarafu ya kumi na mbili haikufika mwisho wa futi. Ilibaki nafasi, nusu inchi na zaidi kidogo. "Twelve is too short," mtoto akasema. "And thirteen is too long." Akaweka kidole juu ya ile sentensi ya juu, kwamba kila robo dola ina upana wa inchi moja. "So this is wrong. What do you want me to write?"

Mwalimu aliinama. Akazisukuma sarafu kwa ukucha kuona kama zimeachana. Hazikuachana. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba karatasi inamaanisha karibu inchi moja.

"It doesn't say that," mtoto akamjibu, bila utovu wa adabu, kama anavyoniambia mimi nikisahau chumvi.

Mwalimu akachukua kalamu ya zambarau, akaandika neno "karibu" kwa Kiingereza juu ya sentensi ya shule. Ndipo mtoto akaokota penseli. Tatu, sita, mbili, tano, tisa, na mengine matatu, akamaliza kabla mkalimani hajamaliza kupangusa miwani yake. Mwalimu akayasahihisha pale pale. Nane kwa nane. Akaichana fomu ya kwanza katikati akaitupa, akasema mtoto anabaki darasani kwake.

Kisha akanisogezea fomu ya pili, na kalamu juu yake.

Nilikuwa tayari. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani, kuhusu mama yangu na mkaguzi, na nani ana haki ya kusema ni hesabu gani inaingia jikoni kwangu. Nikaisukuma fomu pembeni, nikavuta pumzi, nikasema, "Mwambie mjukuu wangu ameonyesha kwamba karatasi ya shule ina kosa, na kwa hiyo—"

"You too, Bibi," mtoto akasema.

Nikamgeukia. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba na mimi nilikosea vilevile, kwamba mstari wetu wa nyumbani wenye sarafu nyeupe ulikuwa haufiki, kwamba aliniambia, nami nikamwambia azitenganishe kidogo zitafika. Mkalimani, ambaye sasa alikuwa ameshika agizo langu, akanitafsiria lote neno kwa neno, akinitazama usoni, ingawa nilikuwa nimelielewa vizuri.

Ni kweli aliniambia. Nilikuwa nakoroga uji, sikugeuka. Nilipima uzito wa zile sarafu nikaridhika, upana sikupima, na mtoto alipoona pengo nilimfundisha kulificha. Hilo halikuwa kosa la nusu na robo. Hilo lilikuwa baya zaidi, na kati ya watu wanne katika chumba kile aliyeliona ni mmoja.

Niliiacha ile fomu bila sahihi na sikusema tena habari zake. Hata mwalimu hakuuliza. Nikavaa miwani, nikavuta kiti karibu na rula, nikainama. Akanionyesha mahali sarafu ya kumi na mbili inapokomea, kwa ncha ya penseli, na mahali futi inapokomea.

"Umeona?" akaniuliza.

Na mimi, ambaye sijawahi kukubali neno la mtu katika ofisi yoyote ya nchi hii, nikamwambia nimeona.